Saa Iliyochelewa Kufika kwenye Simu

Saa ile sikuitaka mimi, wala papa, baba yangu, hakuitaka. Aliyeitaka ni mdogo wangu wa Lubumbashi, ambaye tangu aanze kukimbia asubuhi na tumbo lake likapungua amekuwa mhubiri wa mazoezi. Aliikabidhi kwa dereva anayemwamini, ikafika Kolwezi ndani ya soksi, nyeusi, nene, na vitufe pembeni. Ilikuwa saa ya wanamichezo. Inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, inajua kama umelala au uko macho, na ina hata taa ndogo ya kumulika njia. Papa aliivaa, akautazama mkono wake kama mtu aliyeuziwa samaki mbovu, akauliza:

"Hii ni saa ao ni redio?"

Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile ya mtaa wa Kapata, nyumba ya kampuni, katika mstari wa nyumba za kampuni zinazofanana mpaka wageni hubisha hodi pasipo pao. Papa alifanya kazi chini ya ardhi tangu ujana wake mpaka siku walipompa saa ya ukutani na kumwambia apumzike. Mama alifia humo. Mimi nilirudi humo ndoa yangu ilipovunjika, nikaja na cherehani yangu, nikaiweka sebuleni karibu na dirisha, na hapo ndipo ninaposhona mpaka leo. Yaani, mpaka siku ile.

Moyo wa papa ulikuwa umeanza kuruka mapigo. Tansio, yaani presha ya damu, ilikuwa ikipanda na kushuka, na dawa alizopewa zilimwacha akihema kwa kupanda tu ngazi mbili za kanisa. Mdogo wangu alimpata daktari wa moyo kule Lubumbashi, na daktari akasema hawezi kugusa dawa za mzee asiyemwona, barabara yenyewe ingemmaliza kabla hajafika, basi angalau aone moyo wake unavyopiga mchana na usiku, majuma kadhaa mfululizo. Ndiyo kazi ya saa. Saa iuandike moyo, iupeleke kwenye simu yangu kwa bluetooth, simu iupeleke Lubumbashi. Maisha ya papa yalikuwa yamening'inia kwenye safari hiyo fupi, kutoka mkononi mwake hadi kwenye simu yangu. Na safari hiyo ndiyo iliyokataa.

Simu iliandika Synchronisation en cours, yaani inavuta habari kutoka kwenye saa, na kuweka kimstari cha buluu, na kimstari hicho kilitembea kama bibi harusi. Asilimia mbili. Nashona kola nzima, narudi kutazama, asilimia tatu. Nashona mikono yote miwili, asilimia tatu ile ile. Halafu maandishi mekundu: imeshindikana, jaribu tena. Mimi sina subira ya kuzaliwa nayo. Nilikuwa nikiitukana simu ile mpaka wateja wangu wanauliza kama niko na mtu ndani.

Mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, alituma ujumbe wa sauti kila siku.

"Yaya, data ya papa haiko nafika. Munganga eko naniuliza. Uko nafanya nini na ile téléphone?"

"Niko nashona," nikamjibu. "Mi si mécanicien ya saa. Kama unaona iko bwepesi, kuja ufanye weye."

Tulifanya yote aliyosema. Tuliizima simu na kuiwasha. Tuliifuta saa kwenye simu na kuitambulisha upya, kama watu wawili waliogombana wanaopatanishwa mbele ya wazee. Nilifuta picha za mitindo ya nguo ili simu ipate nafasi, na ilinichoma moyo, maana picha zile ndizo duka langu. Nilizima ile hali ya kuokoa betri. Nilimpelekea hata fundi wa simu pale kwenye mzunguko wa barabara, naye akaigeuzageuza, akaipuliza, akasema simu yangu imechoka na anayo nyingine ya kuniuzia. Nilimpokonya simu yangu nikaondoka.

Jioni, wakati ambapo papa alikuwa amekaa mbele yangu na ningeweza kuziweka saa na simu ubavu kwa ubavu, saa ilikuwa imekwisha moto. Imekufa kabisa, kioo cheusi. Mdogo wangu hakuelewa. Saa kama hiyo, alisema, hukaa siku nyingi bila kuchajiwa, labda mzee anachezea ile taa. Nilimuuliza papa kama anachezea taa. Akaniambia, kwa heshima zote, kwamba yeye si mtoto. Basi tukaiweka kwenye chaja, na umeme ukija usiku inajaa, na ukikatika haijai, na asubuhi anaivaa na kwenda zake kutembea kama daktari alivyosema, kisha parokiani kwa wastaafu wenzake, mpaka saa ya kula.

Kwa hiyo muda wetu ulikuwa mchana. Papa anarudi, tunakula bukari yetu, yaani ugali, na sombe la majani ya muhogo, kimstari kinaanza kutembea kidogo pale mezani, na mimi naanza kupata matumaini. Halafu papa, ambaye huniita mama kama wazee wanavyowaita binti zao, anajifuta mdomo na kusema maneno yale yale ya kila siku:

"Mama, mi naenda kupumuzika kiloko."

Anaingia chumbani kwake, anafunga mlango, na kimstari kinakwama.

Sasa lazima niseme jambo la mlango huo. Kwetu binti mtu mzima haingii chumba cha kulala cha baba yake. Hakuna aliyeniambia kwa mdomo, ni jambo unalolijua kama unavyojua kutovuka miguu ya mtu aliyelala. Mama alipokuwa hai, aliyefagia humo ni yeye. Alipokufa, papa alifagia mwenyewe. Akiumwa, namwita kutoka nje, na akinihitaji anatoka yeye. Tangu nirudi sijawahi kukanyaga humo, na sikuona ajabu yoyote. Alipoanza kufua nguo zake mwenyewe, asubuhi na mapema kabla sijaamka, nilijisifu kwa wanawake wenzangu wa kanisani kwamba papa wangu ni mzee wa kisasa. Walinionea wivu. Nilivyokuwa mjinga!

Na bustani yake! Nyuma ya nyumba alikuwa amelima matuta ya lengalenga, mchicha wa kwetu, na matuta hayo yalikuwa yakipanda. Kila juma yako juu zaidi, udongo mwekundu mpya juu ya ule wa zamani. Nikadhani ni utaratibu wa wazee.

Na nyumba kutetemeka je? Nani Kolwezi anashangaa nyumba ikitetemeka? Malori ya madini yanapita barabarani, vikombe vinagongana kabatini. Mchana mgodi mkubwa unalipua baruti zake, madirisha yanalia, mtoto mchanga hata hageuki. Ufa ukitokea ukutani tunasema ni malori. Vumbi likianguka darini, baruti. Nilikuwa nikisikia kitu kinagonga kwa mbali, tok, tok, chini ya mguu wangu kwenye kanyagio la cherehani, nami nikasema moyoni, wale wa mgodini leo wamekazana. Majirani zetu wa upande wa kushoto walikuwa wapangaji, vijana waliotoka mbali, na nyuma ya ukuta wao walikuwa wametundika turubai la rangi ya machungwa. Walisema wanajenga choo. Choo hicho kilichukua msimu mzima wa kiangazi, na mimi, mtu ninayejiona ninajua mambo ya watu wote wa mstari ule, nilichouliza ni kwa nini wanapenda kuoga sana.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, lile joto la kabla ya mvua ya kwanza. Asubuhi mdogo wangu aliniambia kwa sauti ya kulia kwamba daktari amechoka kusubiri. Papa alikuwa amehema vibaya wakati wa kula, kijiko kimesimama hewani, midomo yake ikiwa na rangi ya majivu. Nilimwambia alale, apumzike sana. Akaenda. Mlango ukafungwa.

Kimstari kilikuwa kwenye asilimia nne.

Nilisikiliza tena ujumbe wa mdogo wangu: "Sogeza téléphone karibu na saa, yaya. Njo ile tu. Bluetooth haipendi kibambazi." Sawa. Kama haipendi ukuta, nitaipeleka mpaka mlangoni. Niliacha shati la watu chini ya sindano, nikavua ndara ili nisimwamshe mzee, nikasimama mbele ya mlango wake na simu imebandikwa kwenye mbao kama mtu anayesikiliza siri za wengine.

Mawasiliano yalikatika. Saa haipatikani.

Nikashangaa. Nikarudi nyuma hatua chache, hakuna. Nikarudi sebuleni, saa ikaonekana, hafifu, ikapotea. Nikaingia jikoni, hakuna. Nilikuwa nimekasirika sasa, nilizunguka nyumba nzima nimeinua simu kama padri anayenyunyiza maji ya baraka. Nikaingia chumbani kwangu, upande mwingine kabisa wa nyumba, mbali na mlango wa papa kuliko chumba chochote. Na pale kimstari kikaanza kutembea.

Tano. Sita.

Niliduwaa. Nikatazama chumba changu. Kitanda, sanduku, kigoda chenye pasi yangu ya makala, ile ya mkaa, kalenda ya kanisa. Papa hayupo. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba aliivua saa akaisahau humu, na hasira ikanipanda, nikaanza kuitafuta. Juu ya sanduku, kimstari kikalegea. Dirishani, kikasimama. Nikainama kuangalia chini ya kitanda, mkono wenye simu ukashuka hadi sakafuni, na kimstari kikaruka.

Kumi na moja. Kumi na tano. Ishirini.

Nilijitupa chini mzima mzima, nikajisukuma chini ya kitanda, na mguu wangu ukagonga kigoda. Pasi ikaanguka. Wale wanaoijua pasi ya makala wanajua uzito wake, iliiangukia saruji kwa kishindo hata masikio yangu yakalia. Sikujali. Nilikuwa nimelala kifudifudi, uso kwenye vumbi, natazama kioo. Saa haikuwa chini ya kitanda. Hapakuwa na kitu chini ya kitanda. Na bado nambari zilikimbia. Thelathini, arobaini, siku nzima nzima zikimiminika kwenye simu yangu, na juu yake maandishi madogo ya mapigo ya wakati ule ule, moyo wa papa, moyo wa mtu aliyelala usingizi wa mchana, ukipiga kama wa mtu anayekimbizwa.

Halafu kitu kikagonga. Tok, tok, tok. Chini ya shavu langu.

Sikupiga kelele wakati huo. Nasema ukweli, sikuweza. Nilibaki nimelala pale pale. Kikanyamaza. Kikagonga tena mara tatu, kwa nguvu zaidi. Na nambari ya moyo ikapanda, nikaiona inapanda kwa macho yangu, mpaka kioo kikaweka alama nyekundu. Saa ya papa ilikuwa chini ya sakafu yangu. Papa alikuwa chini ya sakafu yangu.

Sijui nilivyotoka chini ya kitanda. Nakumbuka mlango wake. Nakumbuka kwamba mkono wangu ulisita kwenye kitasa, hata katika hali ile, na kwamba niliona aibu, kisha nikausukuma.

Chumba kilikuwa kitupu namna ambayo sijawahi kuona chumba cha mtu. Kabati la mama lilikuwa mifupa, milango hamna, rafu hamna, nguo zake zimekunjwa vizuri sana juu ya gazeti. Kitanda chao cha ndoa hakikuwepo. Godoro lilikuwa chini, limetandikwa shuka safi, mto umenyooshwa. Na pale kitanda kilipokuwa zamani, karibu na ukuta, palikuwa na shimo lenye upana wa mtu, kamba imefungwa kwenye nondo ya dirisha, na beseni la mama la kuogeshea watoto, lile la bati lililotuogesha mimi na mdogo wangu, limejaa udongo mwekundu.

Hapo nikapiga kelele. Nilipiga kelele ambayo mstari mzima wa nyumba uliisikia.

"Papa! Papa! Uko wapi? Papa!"

"Niko hapa." Sauti ilitoka mbali na chini, ikikatikakatika. "Uko muzima, mama?"

Mimi! Ananiuliza mimi!

"Panda juu! Panda sasa hivi!"

"Usipige makelele. Batu batasikia."

Alipanda polepole. Kwanza ilitokea taa, nuru nyeupe ya ile saa, ndiyo iliyokuwa ikiila betri kila siku. Kisha kofia yake ya zamani ya kazini. Kisha uso wake, mwekundu wa udongo, mdomo wazi ukitafuta hewa. Nilimvuta kwa makwapa kama mtoto. Alikaa kwenye godoro, akaweka mkono kifuani, mimi nikimpepea na kitambaa cha kushonea, simu yangu ikiwa imeanguka kusikojulikana.

Nilidhani nimeelewa. Nilidhani papa wangu, mzee wa parokia, mwenye moyo unaoruka, amekuwa mchimbaji. Watu wamechimba chini ya vitanda vyao kwingine hapa mjini, tunajua, madini hayachagui mlango wa nani. Nilianza kumsema. Nilisema maneno ambayo binti hasemi. Akaniacha nimalize, kisha akanyoosha kidole kwenye shimo.

"Shuka uone."

Nikashuka. Mimi ninayeogopa hata kupanda juu ya meza. Nilishika kamba, miguu ikapapasa ukuta, nikafika chini mahali ambapo njia ilianza, nikaenda kwa magoti na taa ya saa yake mkononi mwangu. Papa alichimba shimo la kushukia tu, njia ile hakuichimba yeye. Ilikuja kutoka kushoto, kutoka kwenye choo cha majirani, pana, ya haraka haraka, ya watu wanaofuata jiwe la madini bila kuangalia wamepita chini ya nani. Ilipita chini ya sebule yangu. Ikapinda, ikapanda, ikafika chini ya chumba changu, na pale walikuwa wamechimba juu mno, mpaka kati ya paa la shimo na saruji yangu pakabaki udongo usiofika urefu wa mkono.

Na pale pote pamesimama mbao. Miguu ya kitanda cha wazazi wangu, imekatwa sawasawa, imesimama wima. Ubavu wa kitanda, umelazwa juu yake. Rafu za kabati zimekatwa kuwa kabari na kupigwa kwa nyundo mpaka zikakaza. Nilimulika nikaona mlango wa kabati la mama, wenye kile kioo kidogo cha duara alichojitazamia akienda misani. Papa alikuwa ameulaza juu ya nguzo nne, umebeba udongo, na nilipopima kwa kichwa changu nilikotoka na nilikofika, nikajua kilicho juu yake. Ni kitanda changu. Nilikaa chini katika udongo ule nikalia kwa sauti.

Nilipopanda, papa alikuwa amerudiwa na rangi kidogo. Akanieleza kwa maneno machache. Aliwasikia wale vijana zamani, usiku, mimi nimelala.

"Ile sauti mi naiyua, mama. Nilifanya nayo myaka yote. Nikaenda kubaambia baache. Bakasema ndiyo, papa, ndiyo, tata. Bakaendelea tu."

"Juu ya nini hukuniambia? Juu ya nini hukuenda kwa chef?"

"Chef akiyua kama chini kuko matobo, batatutosha mu nyumba. Batapiga alama ku mulango, batatutupa huko mbali. Mama yako alifia humu." Akatazama nguo zilizokunjwa. "Nikasema, nitaboiser tu chini ya weye, nitasimamisha mbao. Kiloko, kiloko. Bile tulikuwa tunafanya."

Alikuwa akifanya kazi wakati cherehani yangu inalia. Ikilia, anapiga nyundo, ikinyamaza, anasubiri. Siku zote zile nilidhani ninashona peke yangu.

Siri haikufika hata jioni, kwa sababu ya mdomo wangu. Kelele ile iliwaleta majirani, na wapangaji wa choo wakatoweka wakiacha turubai lao likipepea. Lakini hata kama hakuna aliyesikia, mimi mwenyewe ningekwenda kwa chifu wa mtaa, na nilikwenda. Papa alinikatalia, akaniomba, mara ya kwanza maishani kuona baba yangu akiniomba kitu, nami nikaenda hivyo hivyo. Walikuja, wakamulika, wakarudi juu bila kuzungumza, wakapiga alama mlangoni. Tulitoka na cherehani, godoro, nguo za mama na beseni. Papa hakugeuka nyuma. Wala hakunisemesha.

Tukapata vyumba viwili vya kupanga upande wa mjini, ukuta mmoja kati yake. Alikula nilichopika, akasema asante, basi. Kimya kile kiliniumiza kuliko matusi. Saa aliendelea kuivaa, nadhani kwa uchovu tu, na sasa habari zilipita kwenye simu kabla hata sijaketi. Dawa zikabadilishwa. Pumzi yake ikawa nyepesi. Ndipo mdogo wangu, ambaye nilikuwa nimemweleza yote na akalia kwenye simu mpaka salio likaisha, akanipigia tena.

"Yaya, munganga anauliza juu ya ile siku ya matobo. Anasema mu kazi yote moyo ya papa ilivumilia. Lakini kuko fasi moya, ilipanda mubaya sana. Ilikuwa nini pale? Alibeba kintu kizito?"

Alinitumia mchoro. Mstari ulikwenda kwa vilima vidogo vidogo, kupanda, kushuka, mtu anayefanya kazi na kupumzika, kisha ghafla mlima mmoja umesimama kama ukuta. Nilimpelekea papa barazani. Nilimwambia swali la daktari. Alivaa miwani, akaushika mchoro karibu na pua, akaweka kidole juu kabisa ya ule mlima, na kidole kikabaki hapo.

"Hapa machine yako ilinyamaza," akasema. "Halafu nikasikia kintu imeanguka. Boum. Nikafikiri ni weye. Nikafikiri mbao imekatika, sakafu imekupiga kichwa."

Nikakumbuka pasi.

"Kule chini, mama, kama kuko ajali, mutu anagonga mara tatu. Ni kuuliza kama uko muzima. Ule mwengine, kama eko muzima, anajibu mara tatu." Akavua miwani. "Nikakugongea. Nikakugongea tena. Haukujibu."

Nilikuwa nimelala pale juu, shavu kwenye saruji, natazama nambari ya moyo wake ikipanda kwenye simu na kustaajabu, na moyo ule ulikuwa unapanda kwa ajili yangu, kwa sababu sijibu. Ingetosha kugonga mara tatu kwa kidole tu. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, nikashika mikono yake, na huo ndio mwisho wa kimya chetu.

Siku hizi baada ya kula papa bado anasema anakwenda kupumzika kidogo, na sasa analala kweli, saa inasema hivyo na mimi naiamini. Lakini kabla hajalala anagonga ukuta ulio kati yetu, mara tatu, na mimi naacha kushona na kujibu kwa mkasi. Juzi uzi ulinasa kwenye mashine, nilikuwa nimeinama naukwamua, pini mdomoni, nikachelewa kidogo tu. Nilipoinua mkono nigonge, kitasa cha mlango wangu kilikuwa tayari kinazunguka, na papa, ambaye hajawahi kuingia chumba ninacholala tangu nivunje ungo, alikuwa amesimama ndani, miguu mitupu, akinitazama.